TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 21: Acha Pengo Liwe Pengo



Tumeingia kumi la mwisho. Mwezi sasa unachelewa kuchomoza, giza linarudi ziwani, na wavuvi wa dagaa nao wanarudi kazini. Wewe uko kwenye qiyamu, wao wako majini na taa zao. Kesho utafuturu ndizi kwa dagaa hao hao. Basi leo tuwakumbuke, na tujifunze jambo kutoka kwa watu wanaoichunguza hewa iliyo juu yao.

Sisi wa magharibi mwa ziwa tunaijua vizuri mvua ya alfajiri. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo ukatoka pande zote kuelekea ziwani. Ukikutana huko, hewa yenye unyevu hupanda juu, mawingu yakajikusanya na radi zake, kisha upepo wa mashariki ukayasukuma kuja kwetu. Katika Surat An-Nur, aya ya 43, Allah anatuuliza kama hatuoni jinsi anavyoyasukuma mawingu, akayaunganisha, akayarundika, mvua ikatoka ndani yake.

Wapo waliofanya kutazama huko kuwa kazi ya maisha. Hapa kwetu, mtumishi wa Mamlaka ya Hali ya Hewa husoma kipima mvua saa tatu kila asubuhi, iwe Idi iwe msiba. Kwa jirani zetu, kwenye Mlima Kenya, kuna kituo kilichojengwa mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, mbali na moshi wa miji. Kilianzishwa mwaka 1999 na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kwa kushirikiana na Uswisi, na kinapima ozoni na gesi nyingine za angani. Wengine wako mbali zaidi, Svalbard huko Norway, karibu na ncha ya kaskazini, ambako kiangazi jua halitui kwa miezi. Ni baridi, ni upweke, na hakuna bosi anayesimama mgongoni.

Sasa hebu fikiria. Umeme umekatika, au chombo kimeharibika, kipimo cha leo hakikupatikana. Huyu mtu peke yake mlimani afanyeje? Angeweza kuandika nambari inayofanana na ya jana. Nani atajua?

Kanuni ya kazi yao ni moja: pengo liachwe liwe pengo. Inaandikwa wazi kwamba hapa hakuna kipimo. Kwa nini? Kwa sababu nambari hiyo itaunganishwa na za vituo vingine, na mwisho wa safari yake kuna nahodha Kemondo anayeuliza kama aondoke usiku huu kwenda Goziba. Inakadiriwa watu 3,000 hadi 5,000 hufa kila mwaka katika Ziwa Victoria, na hali mbaya ya hewa ni moja ya sababu kubwa. Pengo mtaalamu huliona, akachukua tahadhari. Uongo haoni.

Ndugu yangu, swaumu yako ni kama kituo kile. Ukijifungia chumbani ukanywa maji, nani atajua? Ndiyo maana tumefundishwa katika hadithi qudsi kwamba swaumu ni ya Allah, na Yeye ndiye atakayeilipa.

Lakini leo nataka tuzungumzie mapengo. Allah mwenyewe ameyaruhusu. Al-Baqarah, aya ya 184 na 185: mgonjwa na msafiri watimize hesabu katika siku nyingine. Mbona basi tunayaonea aibu? Mgonjwa wa sukari ameambiwa na daktari asifunge, anafunga kwa kuogopa maneno ya majirani, mpaka anazimia. Binti yuko kwenye hedhi, anakula kwa kujificha kama mwizi ndani ya nyumba ya baba yake. Na yupo aliyekula mchana bila udhuru wowote, halafu magharibi anapokea tende kama wenzake. Huyo wa mwisho anahitaji toba, na mlango uko wazi. Ila wote watatu wanakutana hapa: siku uliyoikiri inaweza kulipwa. Siku uliyoigeuza kuwa uongo, utailipaje?

Zoezi la leo:

1. Chukua karatasi, andika siku zako zilizokosekana, na za mwaka jana kama hujazilipa. Usikadirie kwa kujipendelea.

2. Nyumbani kwako kama kuna mgonjwa au mzee asiyeweza kufunga, mwambie leo kwa mdomo wako kwamba hana lawama. Asiyetarajiwa kupona, atoe fidya: kumlisha maskini kwa kila siku.

3. Mwenye chombo, sikiliza utabiri kabla ya kuondoka, na kila mtu avae jaketi okoa. Mtume (s.a.w.) alimfundisha yule bwana amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Allah.

Ewe Mola, tujaalie ukweli pale tusipoonwa na yeyote ila Wewe. Tusamehe mapengo yetu, utupe umri wa kuyalipa. Warudishe salama walioko ziwani usiku huu. Amin.

Swaumu maqbul. Mtumie na mwenzako aliye kisiwani.