Moyo Haulipi Nauli

Wiki hii nilihudhuria kikao cha tathmini cha shirika moja linaloshughulikia lishe ya watoto, na jibu alilopewa mama mmoja mle ukumbini bado linanikera. Mama huyo ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anajitolea. Mezani kwake palikuwa na daftari lililovalishwa mfuko wa plastiki lisilowe mvua, na ule utepe wa kupimia mkono wa mtoto, wenye kijani, njano na nyekundu, rangi zimefifia kwa kushikwashikwa. Aliuliza, kwa adabu zote, nauli za bodaboda za miezi iliyopita zitarudishwa lini. Mratibu akamjibu: "Mama, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Watu wakacheka. Mama akaketi.

Methali ile anaambiwa mtoaji. Anayepokea hana haki ya kumfunga nayo mwenzake mdomo. Na mama huyu amekwisha kutoa: asubuhi zake, miguu yake, na usingizi wake pindi majirani wanapomgongea mlango kwa sababu mtoto anaharisha. Mkono wa mtoto ukipima chini ya sentimita 11.5, pale kwenye nyekundu, ni yeye anayembembeleza mzazi waende kituoni siku hiyohiyo. Tumdai na nauli?

Najua nitakaloambiwa: mkizoesha watu pesa, watakuja kwa ajili ya posho, na moyo wa kujitolea utakufa. Hofu hiyo ina msingi. Sote tumeona semina zinazojaa siku ya posho tu. Lakini kumrudishia mtu alichotoa mfukoni mwake si kumlipa. Tena kazi yenye ratiba, malengo na ripoti ya kila mwezi ni kazi, na ina ujira wake. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hivyo mwaka 2018. Kenya, mwaka 2023, ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa mikoba ya vifaa na kuahidiwa posho ya kila mwezi. Hapa Tanzania nako, mpango wa kuwafunza wahudumu hawa na kuwapa posho ulizinduliwa Januari 2024.

Wengine watasema mfadhili hakuweka fungu la nauli. Basi aombwe aliweke, kama alivyoombwa fungu la ukumbi na chai tuliyokunywa siku ile.

Wala si fedha peke yake. Mhudumu anahitaji mtu wa kupokea simu yake anapokwama, na wa kumpa pole pale mtoto aliyemfuatilia kwa majuma anapofariki. Mcheza kwao hutunzwa, wala hangojei cheti cha Desemba 5, Siku ya Kimataifa ya Wanaojitolea.

Msimamo wangu ni huu: shirika ambalo fedha zake hazitoshi kuwahudumia wanaojitolea katika vijiji kumi, lifanye kazi katika vitano. Upungufu wa bajeti usihamishiwe kwenye pochi ya mama anayeuza maandazi.