Deni la Shimo

Mwenye kuchimba kisima cha maji huombewa dua hata na asiowajua. Mwenye kuchimba duara la dhahabu huondoka na chake, shimo likabaki halina mwenyewe. Je, kuondoka huko kunamwondolea dhima?

Kusini mwa Ziwa Viktoria, kutoka Mwanza kuelekea Geita, swali hili lina umri mkubwa. Mgodi wa zamani wa Geita, ulioanza kuchimbwa katika miaka ya 1930, ulifungwa mwaka 1966. Uchimbaji mkubwa haukurejea hadi mwaka 2000. Wachimbaji wadogo nao wana maduara yao, yaliyoegemezwa kwa matimba. Mshipa ukikatika watu huhama, matimba huoza, masika hujaza maji, na mbuzi hutumbukia, pengine na mtoto. Palipooshewa mchanga hubaki zebaki, ambayo hushika chembe za dhahabu kisha ikachomwa ipae. Zebaki haiozi. Ikifika kwenye matope ya majini, vijidudu huigeuza sumu inayopanda kutoka samaki mdogo hadi sangara, hadi kwa mlaji. Ziwa la kilomita za mraba 68,800 hudhaniwa haliwezi kudhurika, ilhali kina chake kwa wastani ni kama mita 40 tu.

Kuchimba kuna faida, kuziba hakuna. Ndipo penye ugumu wote. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ina dhamana ya kurekebisha ardhi, fedha inayowekwa kabla mchimbaji mkubwa hajatoweka. Ni jambo jema, lakini haiwafikii waliokwisha kufa, wala waliofilisika.

Huku pwani, kabla jeneza halijatoka, jamaa mmoja husimama akauliza: nani anamdai marehemu? Deni hutangulia urithi. Kwa dhahabu ya ziwani urithi umegawiwa kwanza, na swali halikuulizwa. Basi warithi ni nani? Atatajwa mchimbaji mdogo, kwa kuwa ndiye anayeonekana. Lakini yeye alipata kibaba cha siku ile, na kumtaka azibe shimo peke yake ni kuidai njaa. Serikali ilipokea mrabaha, kwa hiyo imo. Wamo pia ambao hawapendi kutajwa: wanunuzi. Dhahabu ikishayeyushwa haina kabila, na sonara wa Mji Mkongwe hawezi kuapa kwamba bangili ya bibi harusi haikutoka kwenye duara fulani la Geita. Kutojua huko kunaondoa hatia ya mtu mmoja mmoja. Hakuondoi deni, kwani pambo limevaliwa na shimo lipo. Walioshiriki faida, kila mmoja kwa fungu lake, ndio wa kuchangia udongo wa kufukia.

Nao wadai wakubwa, watakaovua katika ziwa hilo miaka hamsini ijayo, hawajazaliwa, seuze kuitika.