Uzito wa Makosa

Kukosea si aibu kwa mtu wala kwa chombo chake. Aibu ni kulipima kosa kwa kipimo kisicho haki. Mtandao wa neva bandia, yaani hesabu nyingi za kompyuta zilizounganishwa kwa mfano wa chembe za ubongo, hujifunza kwa kukosea. Hubashiri, ubashiri wake hulinganishwa na kweli, tofauti hupimwa kwa kanuni ya kosa, kisha viungo vyake hurekebishwa kidogo kidogo mpaka kosa lipungue.

Kanuni itumikayo sana ni wastani wa mraba wa kosa: kila tofauti huzidishwa kwa yenyewe, zote hujumlishwa, na jumla hugawanywa kwa idadi yake. Asili yake ni ya zamani. Legendre wa Ufaransa alichapisha njia ya miraba midogo kabisa mwaka 1805. Kanuni hii ni hodari, lakini ina upofu mmoja: haitofautishi kuzidi na kupungua.

Na itwaliwe Dodoma kuwa mfano. Mvua huko ina msimu mmoja tu, toka Desemba hata Aprili, na wastani wake haufiki milimita 600 kwa mwaka. Mtandao ukibashiri 600 zikaja 400, kosa ni 200. Ukibashiri 400 zikaja 600, kosa ni 200 vile vile. Mraba wa kila moja ni 40,000. Mbele ya kanuni makosa haya ni mapacha. Mbele ya mkulima wa Kigogo hayana hata udugu. Aliyeonywa juu ya uchache wa mvua akapanda uwele na mtama atavuna, ijapokuwa amekosa faida ya mahindi. Aliyeahidiwa wingi akapanda mahindi, kisha mvua ikamhini, ghala yake ni tupu. Ugogo waijua maana ya ghala tupu: njaa ya Mtunya, iliyofuata ukame na majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kutwaa nafaka na mifugo, iliua maelfu ya watu.

Basi achaguaye kanuni hafanyi hesabu tu, atoa hukumu. Hisabati haimkatazi kulitoza kosa la upande mmoja adhabu kubwa kuliko la pili. Kanuni za namna hiyo zipo. Akinyamaza, amekwisha kuchagua: ametamka kwamba njaa na faida iliyopotea ni sawasawa. Mashine itatii bila ya kuuliza. Kuuliza ni wajibu wa mtu, na wa kwanza kuulizwa ni mwenye ghala.