Mtungi wa Lita 20

Shangazi yangu alitolewa nyuzi siku ya 14 baada ya kukatwa titi la kushoto. Jioni ile aliporudi nyumbani Mukuyuni aliniita chumbani, akafungua blauzi. "Njoo uone, mwanangu. Nimepona." Nikaona mstari mwembamba, safi, ukitoka karibu na mfupa wa kifua hadi kwapani, na vitone viwili viwili pale nyuzi zilipokuwa. Nikamjibu, ndiyo shangazi, umepona. Neno hilo nalijutia tangu mwaka ule wa 2018.

Siku ya 19 alibeba maji.

Anayeijua Ukambani hahitaji kuelezwa. Kiangazi kilikuwa kimekaza, tangi limebaki matope, na maji yalikuwa ya kufukuliwa kwenye mchanga wa mto. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji, na mwanamke wa kwetu huubeba mgongoni kwa mukwa, ule ukanda unaopita kwenye paji la uso. Ili mukwa usiteleze, huinua mikono yote miwili akaushika karibu na masikio, na kila hatua ya mlimani ngozi ya kifua inavutwa. Mimi nilikuwa shambani nachuma machungwa. Nilimwona akipanda, nikafurahi kwamba nguvu zimemrudia.

Hospitali walimwonya asinyanyue kitu kizito. Alilisikia onyo hilo na alilitii: hakugusa jembe, wala gunia, wala jiwe la kusagia. Lakini kwake maji hayakuwa kitu kizito. Maji ni maji, ameyabeba tangu akiwa na miaka saba. Hakuna aliyemtajia mtungi kwa jina lake.

Asubuhi iliyofuata palikuwa na uvimbe laini chini ya mshono, unaotikisika ukiguswa kama mfuko wa maji. Titi likishaondolewa hubaki uwazi kati ya ngozi na misuli, na mwili huujaza majimaji. Ndiyo sababu alitoka chumba cha upasuaji akiwa na mrija na chupa ndogo ubavuni, na mara nyingi mrija huo hauondolewi mpaka maji ya siku nzima yapungue chini ya mililita 30 hivi. Hata ukishaondolewa, maji yanaweza kurudi, hasa mkono ukitumikishwa mapema. Mara nyingi daktari huyafyonza kwa sindano safi, mgonjwa akarudi kwake siku hiyohiyo.

Hatukwenda. Shangazi aliona haya. Majirani walikuwa wameambiwa amefanyiwa upasuaji wa tumbo, na tuliojua ukweli hatukufika watano. Saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Kenya kuliko saratani nyingine yoyote. Kwa mwaka 2020 ilikadiriwa wagonjwa wapya karibu 6,800. Naamini nyumba nyingi za wagonjwa hao zilikuwa na upasuaji wao wa tumbo wa kusingizia.

Basi msaada ukatoka kwa wifi yake, mmoja wa wale waliojua. Alinunua dukani kapsuli za rangi mbili, akazifungua, akanyunyiza unga juu ya mshono. Kisha akamfunga leso kifuani, akaikaza ili maji yashuke. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na mimi ndiye niliyemshikia pindo la leso. Lakini kapsuli imetengenezwa kumezwa. Ikimwagwa kwenye mshono, unga hushikana na unyevu ukawa gamba, na chini ya gamba vijidudu hujificha. Leso nayo ikaongeza joto na jasho. Siku ya 23 gamba lilipasuka karibu na kwapa, tundu la upana wa ukucha wa kidole gumba, pakatoka usaha. Usiku alitetemeka kwa homa hadi meno yakagongana.

Alilazwa siku 11. Lililotuumiza zaidi ni kwamba kemo, yaani dawa za saratani zilizokuwa zimepangwa kuanza wiki ile, iliahirishwa. Dawa hizo hushusha chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, na daktari hakuweza kuwaondoa askari huku adui yuko kidondani. Saratani ilimngoja shangazi wiki tano nzima kwa sababu ya mtungi mmoja na kapsuli nne.

Huko wodini muuguzi mmoja, Mkamba mwenzetu, alimkuta akisuka kitako cha kiondo. "Mwaitu," alimwambia, "hicho waweza kukitilia mahindi leo?" Shangazi akacheka, akasema kingefumuka. Muuguzi akavuta kiti. Akamweleza kwamba ngozi ya juu huungana mapema na kumdanganya mwenye nayo, huku chini mwili ndiyo kwanza unasuka nyuzi zake. Wiki ya tatu mshono haujafikia hata theluthi ya nguvu ya ngozi nzima. Nyuzi hizo huendelea kupangwa upya kwa mwaka na zaidi, na hata zikimaliza, kovu hufika kama asilimia 80 tu ya nguvu ya zamani. Vidole vya shangazi vilikuwa bado vimeshika mkonge. Akauliza, "Kwa hiyo nyuzi zikitolewa ndipo kazi inaanza?" Muuguzi akaitikia kwa kichwa.

Tuliporudi nyumbani hofu ikatupeleka upande wa pili. Shangazi aliubana mkono wa kushoto ubavuni kama ndege aliyevunjika bawa, sisi tukamlisha na kumvika. Baada ya miezi miwili bega lilikuwa limekaza, hawezi kujifunga kitambaa kichwani. Ikabidi aanze mazoezi kwa uchungu: asimame akitazama ukuta, vidole vipande polepole, nami niweke alama ya chaki vilipofika. Alama ya kwanza ilikuwa usawa wa kifua. Hizo alama bado zipo ukutani, kama za kupimia mtoto anayekua.

Kovu lilipofunga kabisa, bila gamba wala unyevu, daktari alimruhusu kulikanda kwa mafuta yasiyo na manukato, kwa ncha za vidole, lisishikamane na mbavu. Alimwambia alikinge na jua mwaka mzima, maana kovu changa likichomwa huwa jeusi. Pale lilipopasuka ngozi ilizidi ikavuka mipaka ya kidonda, ikawa keloidi, ngumu na ya kuwasha. Watu weusi tunaipata zaidi. Kuna aliyemshauri aikatishe tu. Keloidi ikikatwa bila tiba nyingine mara nyingi hurudi, hata kubwa kuliko ya kwanza. Yeye alichomwa sindano za steroidi kila baada ya wiki kadhaa, ikalala.

Juzi alikuja mama mmoja kutoka upande wa Ukia, bado ana mrija, chupa ameificha ndani ya kiondo chini ya leso. Alikuwa amesikia kwa siri kwamba huku kuna mwenzake. Shangazi alimkalisha, akafunga mlango, akafungua blauzi yake mwenyewe kwanza, akauchukua mkono wa mgeni akauweka juu ya kovu. Mgeni akaanza kulia. Shangazi akamwacha alie mpaka akanyamaza, kisha akamuuliza, "Nani anakuchotea maji?"