HONI IMEKUFA, TAA HAIWAKI! JE, UKO SALAMA?

Kijana mwenzangu! Usiitupe karatasi hii. Soma mpaka mwisho.

Siku moja nilipanda gari ya abiria kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay. Njia hiyo unaijua. Ni kilomita 66, siku hizi ni lami, unashuka milima ya Umatengo mpaka Ziwa Nyasa linaonekana kule chini. Kona juu ya kona! Ghafla kwenye kona akatokea bodaboda amepakia gunia la kahawa, yuko katikati ya barabara. Dereva akabonyeza honi. Kimya! Akabonyeza tena. Kimya! Akakanyaga breki kwa nguvu zote, tukasimama hatua mbili tu kutoka kwake. Gari zima tulikuwa tunatetemeka.

Mbamba Bay tukatafuta fundi. Hakukimbilia kuagiza honi mpya. Akaangalia fyuzi, nzima. Akaiunga honi moja kwa moja kwenye betri, ikalia! Akamwambia dereva, "Kaka, zungusha usukani taratibu huku unabonyeza." Upande mmoja ikalia, akirudisha katikati kimya. Fundi akasema, "Ugonjwa uko humu ndani ya usukani."

Nyuma ya usukani kuna waya bapa kama utepe, umejiviringisha kama konokono. Ndio unaopitisha umeme wa honi, wa vitufe vya redio, na wa eabegi, ule mfuko wa hewa unaomkinga dereva gari ikigonga. Ulikuwa umekatika.

Fundi akauliza, "Mbona taa ya eabegi haiwaki kabisa? Waya ukikatika lazima iwake." Dereva akainamisha kichwa. "Iliwaka miezi mitatu. Ilinikera, nikaitoa balbu."

KIJANA, NA WEWE UMETOA BALBU?

Taa iliyo ndani yako ni dhamiri. Siku ya kwanza ulipoiba hela za kahawa za baba, roho ilikuuma. Siku ya kwanza ulipomdanganya binti wa watu, hukulala. Taa iliwaka! Ukaizima kwa gongo na kwa vicheko vya wenzako. Leo haikuumi tena, unadhani umepona. Hujapona! Umetoa balbu tu. Soma 1 Timotheo 4:2, uone watu ambao dhamiri zao zimekufa ganzi.

Na ugonjwa wenyewe ni DHAMBI. Isaya 59:1-2 inaonyesha kwamba Mungu si kiziwi, bali maovu yetu ndiyo yaliyotutenga naye. Ndiyo maana ukiomba unaona kimya. Waya umekatika!

DAWA NI MOJA TU

Fundi hakuunga utepe ule kwa gundi. Alichomoa waya wa betri, akasubiri dakika kadhaa ili eabegi isimfumukie usoni. Akanyoosha magurudumu, akatoa usukani, akaweka utepe mpya. Tena aliutega katikati kabisa, maana ukikaa upande, ukikata kona kali unakatika tena. Mwisho akarudisha balbu. Honi ikalia mpaka watoto waliokuwa ufukweni wakageuka!

Ndugu yangu, maisha ya kuunga-unga hayaokoi. Unaacha pombe wiki moja, ya pili umerudi. Kati yako na Mungu mpatanishi ni mmoja tu, YESU KRISTO (1 Timotheo 2:5). Alikufa msalabani kwa ajili yako, akafufuka siku ya tatu. Yeye anakufanya mpya. Ukishaokoka, kaa katikati ya Neno lake, usije ukakatika kwenye kona ya kwanza ya majaribu.

Usiseme kesho. Yule dereva alisema kesho miezi mitatu, na kona haikumpigia hodi. Sali sasa hivi kwa imani:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Taa uliyoniwekea niliizima mwenyewe. Nisamehe, unioshe kwa damu yako, uniunganishe tena na Baba. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina."

Umesali? Mwambie mtu mmoja leo hii. Ulichoiba kirudishe. Jioni njoo mkutanoni, pita mbele tukuombee.

Mungu akubariki sana!