Kupima Umbali

Nianze na ungamo. Mwezi uliopita betri yangu ya sola ilikufa. Nikamwita kijana wa mkokoteni anayenunua skrepu hapa Awendo, akaipima kwa mizani, akanipa mia nane. Sehemu ya hizo pesa niliitoa sadaka Jumapili. Na siku hiyo niliimba kweli kweli.

Halafu nikakumbuka Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa. Kuanzia 2007 kiwanda kilikuwa pale kikiyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Moshi uliingia manyumbani. Sumu ya risasi haipigi kelele: inakaa kwenye damu na mifupa, inadumaza akili ya mtoto, inaharibu mimba. Phyllis Omido, aliyefanya kazi kiwandani humo, alikuta mtoto wake mwenyewe amedhurika, akaanza kupigania mtaa mzima. Kiwanda kilifungwa 2014. Mahakama ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, rufaa ikaitengua, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Wengine walikuwa wameshazikwa.

Lawama iligawanywa: kampuni, na idara za serikali zilizopaswa kuizuia. Sisi tunaouza betri hatukutajwa popote. Na kuuza betri si dhambi, mimi sikujua inakoenda. Lakini je, sikujua, ama sikuuliza? Hayo ni mambo mawili.

Someni Kumbukumbu la Torati 21. Maiti ikikutwa shambani na muuaji hajulikani, wazee walipima umbali hadi miji iliyo karibu, na mji wa karibu zaidi ndio ulisimama mbele za Mungu. Nilidhani sheria hiyo inaniokoa, maana kutoka Awendo hadi Mombasa ni kuvuka nchi nzima. Lakini safari ya betri inaanzia mlangoni pangu. Na wale wazee hawakuwa wameua mtu. Walitoka kupima hata hivyo.

Nina betri nyingine nyuma ya mlango. Juzi kijana alipopita nilimwuliza huwa wanazipeleka wapi.

"Nairobi, mzee. Huko mbele sijui."

Nikamwomba amwulize anayemuuzia. Akacheka, akasema hajawahi kuulizwa hilo swali, akasukuma mkokoteni wake. Mama watoto anauliza hiyo betri itakaa hapo hadi lini, na karo inadaiwa. Sijamjibu bado.