Mbuzi wa Udongo Anaongea Lugha Gani?

Misigiri ni pale barabara ya lami inayotoka Singida kwenda Nzega inapoachana na njia ya Kiomboi. Ukipita na basi la Mwanza unaweza usiikumbuke: kuku wananing'inizwa dirishani, vitunguu, mafuta ya alizeti kwenye madumu, halafu gari linaondoka kuutafuta mteremko wa Sekenke. Mimi nilishuka hapo Desemba iliyopita kumsalimia shangazi, na nikakaa wiki tatu. Wiki ya kwanza haijaisha, shangazi akanikabidhi watoto.

"Wewe si umesoma? Wafundishe hawa Kiingereza. Wanashinda kwenye rede na kombolela tu."

Walikuwa tisa, wa miaka mitano hadi minane. Sina ualimu wowote. Ninachojua kuhusu watoto ni kwamba ukiwakalisha chini na kuwaimbisha maneno, watayaimba, na jioni wameshasahau. Kwa hiyo tukafanya vitu. Tulichimba udongo wa mfinyanzi bondeni, maana mvua zilikuwa zimeanza, tukafinyanga mbuzi, kuku, punda na basi. Tulichora kwa mkaa kwenye maboksi. Tulitunga wimbo wetu wa kuuza vitunguu. Kila kitu kilichotoka mikononi kikapewa jina la Kiingereza.

Na kweli, ilifanya kazi! Watoto ambao shangazi aliapa kwamba hawafungui mdomo walikuwa wanapiga kelele "goat! goat!" mpaka mbuzi wenyewe wa jirani wakageuka kutazama. Nikavimba kichwa, nisikufiche msomaji.

Siku ya nne binti mmoja, nadhani ana miaka saba, akaniuliza: "Ticha, huyu mbuzi anajua Kinyiramba?"

Nikamjibu haraka, kama watu wazima tunavyojibu: "Hapana, huyu ni wa Kiingereza."

Hakusema kitu. Baadaye nikamwona anafinyanga mbuzi mwingine, mdogo, anamficha nyuma ya kigoda. Nikamuuliza huyo ni nani. "Huyu wa nyumbani."

Usiku ule sikulala vizuri. Kwa maneno matano, bila kukusudia, nilikuwa nimemfundisha kwamba vitu vina nyumba mbili, na kwamba ile anayotoka yeye ni ya kufichwa nyuma ya kigoda.

Ngũgĩ wa Thiong'o, kwenye kitabu chake cha mwaka 1986, anasimulia jinsi mtoto aliyekamatwa akiongea Kigikuyu shuleni alivyochapwa viboko au kuvishwa kibao cha chuma shingoni. Tunaposoma hayo tunakasirika, na ni haki. Lakini kibao mtoto anakiona. Kina uzito, kinamkwaruza, anajua kabisa kuna mtu anamwonea, na siku moja anaweza kukua akaandika kitabu dhidi yake. Mchezo hauna kibao. Mchezo unapendeza. Ndiyo maana nauliza, na sijiulizi kwa kujifurahisha: je, ni halali kuingia na lugha ya mtihani mahali pale pekee ambapo mtoto hakuwa anapimwa? Darasani Kiswahili kilishachukua nafasi ya Kinyiramba; hilo lilitokea zamani, na sote tuna sababu nzuri za kulitetea. Kilichokuwa kimebaki kwa hawa watoto ni uwanja, kufinyanga, mdako, mchezo wa baba na mama. Humo walikuwa wanagombana, wanadanganyana, wanatunga. Mimi nikaja na ndoo ya udongo nikauchukua uwanja huku nacheka.

Nilimwambia shangazi. Nikamwambia nafikiri niache, niwaache watoto na lugha zao, Kiingereza watakikuta mbele. Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua hata macho.

"Mwanangu, wewe Kiingereza unacho. Ndiyo maana unaweza kukionea aibu."

Lazima niseme kidogo kwa nini sentensi hiyo ilinimaliza. Tangu 1967, shule ya msingi ya serikali kwetu inafundisha kwa Kiswahili. Ni moja ya mambo mazuri tuliyowahi kufanya. Lakini sekondari ikabaki Kiingereza. Sera ya elimu iliyozinduliwa Februari 2015 ilifungua mlango kwa Kiswahili kutumika ngazi zote, na bado mtoto akiingia kidato cha kwanza leo anakuta baiolojia na jiografia kwa Kiingereza. Mwenye pesa ameshampeleka mwanawe shule ya mchepuo wa Kiingereza. Mtoto wa Misigiri anaruka mtaro huo kwa miguu yake. Shangazi ana kijana aliyekuwa anaongoza darasa shule ya msingi. Sekondari alinyamaza. Si kwamba akili ilipungua, alinyamaza tu, miaka minne. Siku hizi ni kondakta, na ukimsikiliza anavyowabishia abiria unajua kabisa kilichopotea pale.

Kwa hiyo usafi wangu ungelipwa na nani? Si na mimi. Hapo ndipo wengi wetu tunaoandika kuhusu lugha tunapojikwaa: tunatetea lugha mama kwa kutumia nauli tuliyopewa na ile nyingine.

Kuna mfano mmoja nilikuwa naurudia kichwani. Nyerere alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka kumi na miwili hivi, Kizanaki kikiwa ndicho alichokulia. Hakuna aliyemfinyangia mbuzi wa Kiingereza. Mwaka 1963 ikatoka tafsiri yake ya Shakespeare, Julius Caesar kwa Kiswahili, na mwaka 1969 Mabepari wa Venisi, wakati huo ni Rais mwenye nchi ya kuendesha. Nilitaka mfano huu unithibitishie kwamba hakuna haraka. Haunithibitishii. Mtu mmoja wa namna ile hawezi kuwa sera ya watoto tisa. Ila kuna kitu nilikiona ndani yake: lugha aliyoipata baadaye hakuiacha ikae juu ya nyingine. Aliituma iende ikalete mzigo.

Basi kesho yake nikarudi uwanjani na kuwaomba radhi, kitu ambacho kiliwachekesha sana. Nikamwambia yule binti nilikosea, mbuzi wake anajua lugha zote ila hajaamua aongee ipi. Tukajenga stendi. Maboksi yakawa mabasi, tukaweka konda, abiria, mzungu anayetaka kuku, na bibi mwenye kuku. Konda Kiswahili, mzungu Kiingereza. Nilitaka yule binti awe mzungu, maana ndiye aliyeshika maneno mengi. Akakataa. Akajifunga khanga, akawa bibi.

Jamani, yule bibi! Alimkatalia mzungu bei kwa Kinyiramba dakika nzima, mikono kiunoni, wenzake wakianguka kwa kicheko. Mimi sikuelewa hata nusu. Mzungu, mvulana wa miaka minane, alikuwa na "How much?" na "No" tu. Akageuka kwa konda kuomba tafsiri. Konda akadai kamisheni. Kisha bibi mwenyewe, alipoona biashara inakufa, akasema polepole akimtazama mnunuzi usoni: "This chicken is my chicken. You go."

Sentensi hiyo sikumfundisha. Maneno yalikuwa yangu, lakini aliyapanga mwenyewe kwa sababu alikuwa na jambo la kusema nayo.

Nilidhani nimepata jibu. Nadhani bado ninalo, nusu yake: kwamba tofauti haiko kati ya kucheza na kutocheza, iko kwa anayeamua kinachosemwa. Mbuzi wangu wa siku ya kwanza alikuwa anatamka. Bibi wa stendi alikuwa anakataa kuuza.

Jioni ya mwisho shangazi aliniuliza watoto wameshika maneno mangapi. Nikahesabu kwa uaminifu, yale ambayo wote tisa wanayo.

"Kama ishirini."

"Na fomu wani vitabu vyote ni Kiingereza?"

"Ndiyo, shangazi. Karibu vyote."

Akachukua beseni la pumba akaenda kulisha kuku.